Jicho Lako, Kondo, na Mlenda Nilioukataa

Mtani wangu Kondo,

Kabla ya salamu, ngumi. Maana ndicho kitu cha mwisho ulichopokea kutoka kwangu, na sitaki kujifanya nimesahau. Ngumi ile ilikuwa ya mkono wa kulia, ikapita juu ya sinia la wali, ikatua kwenye jicho lako la kushoto mbele ya wanaume sita waliokuwa na matonge mkononi. Niliusikia mlio wake. Nimepiga watu wengi maishani, unajua mwenyewe, lakini mlio ule ni mmoja tu. Kama nyanya iliyokanyagwa kwenye saruji.

Barua hii naiandika wazi, aisome kila mwenye macho. Nilikupiga mbele ya watu, siwezi kukuomba radhi kwa kujificha.

Na naiandika mwenyewe. Usidhani nimeandikiwa. Ulikuwa unanicheka kwamba elimu yangu yote ni majina ya bandari: DAR, TANGA, MOMBASA. Kweli. Shule nilikaa miaka miwili, tukashikana na mwalimu, nikatoka. Kusoma na kuandika nimejifunzia kwenye marobota hapa Naif, Dubai, wafanyabiashara wakinitajia majina yao, mimi nayachora juu ya magunia. Lakini niambie, ni robota gani niliandika mimi likapotea? Hakuna. Miaka ishirini na mitatu, hakuna! Sasa naandika kwa kalamu ile ile nene, herufi moja kubwa kama yai, mstari unapanda, mstari unashuka. Leo ni siku ya kumi na moja naandika. Ukiona neno limerukwa katikati, si ujinga. Nitakueleza.

Unakumbuka ulivyoingia chumbani kwetu siku ya kwanza? Watu wanane, vitanda vya ghorofa, joto la mwezi wa nane, na wewe na begi lako jekundu mlangoni. Ukauliza, "Nani Mnyamwezi humu ndani? Natafuta mtu wa kunibebea begi." Wenzetu Wakenya wakajua leo damu. Nikainuka. Nikalichukua begi nikalitupa dirishani kutoka ghorofa ya pili. Chupi zako zikatawanyika juu ya gari la kubeba mizigo. Ukachungulia chini, ukanitazama, ukasema, "Nimefika nyumbani." Kisha ukaenda kulala kwenye kitanda changu na viatu vyako.

Kwa wale wasiotujua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu babu zetu walipobeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, na babu zako wakawapokea kwa matusi. Mtani anakutukana, anakuvua kofia, anakula chakula chako, anakuja kwenye msiba wako kuvunja vyungu na kuiga unavyotembea. Na hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Hiyo ndiyo sheria, na mimi nilizaliwa nayo.

Lakini siku ya hatari ulikuwa wa kwanza. Wale watatu waliokuwa wanachana marobota nyuma ya duka, unawakumbuka? Mmoja alinishika mkono huu, wa pili mkono huu, wa tatu akatoa kisu cha kukatia makatoni. Wawili ningewamaliza, wallahi, na watatu pengine. Wewe ulishuka ngazi na upawa wa chuma, unanuka vitunguu. Ulimpiga mwenye kisu mpaka upawa ukakunjika, akaanguka, ukaendelea. Mimi ndiye niliyekushika nikakwambia, "Khalas, basi, Kondo, utaua mtu." Ukahema ukasema, "Huyu alitaka kunichania mpagazi wangu." Kovu lako la kidole gumba ni la siku hiyo. Nalikumbuka kuliko majina ya watoto wangu.

Na hapo ndipo panapouma. Siku hizi majina ya watoto yananitoroka. Tulia, nitafika huko.

Ulipopata kazi ya upishi kwenye nyumba ile ya Al Warqa, ulibadilika. Ulikuwa unakuja kwetu kila Ijumaa, siku yako ya mapumziko, umejaa maneno. Madam wako alikuwa na mama yake mzee, bibi aliyesahau kila kitu. Anamwita binti yake kwa jina la mfanyakazi, anauliza mumewe yuko wapi, na mumewe amezikwa zamani. Tena macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Basi wakaleta mtaalamu wa chakula akakufundisha jikoni: majani ya kijani kila siku, samaki wa mafuta, maharage, karanga, matunda ya rangi kali, mafuta ya zeituni. Nyama nyekundu kidogo, sukari kidogo, vya kukaanga kidogo. Ukaja kutuhubiria sisi tuliochoka, tunaotaka nyama.

Nakumbuka ulivyokaa sakafuni ukanyoosha kidole. "We Mnyamwezi, umewahi kushusha mizigo bandarini Jebel Ali. Umeona kontena zilizokaa karibu na bahari?"

"Nimeona."

"Zinakuwaje?"

"Zinaliwa na kutu."

"Na mwilini mwako kuna kutu. Inatoka kwenye moshi wa sigara zako, inatoka kwenye jua, inatoka hata kwenye kazi ya mwili wenyewe kuchoma chakula. Jicho na ubongo ndivyo vinavyoliwa haraka, kwa sababu vinafanya kazi kutwa na vina mafuta mengi. Majani na matunda yana vitu vinavyoizuia ile kutu. Ni kama rangi ya kontena."

Nikasema, "Mimi si kontena. Mimi ndiye ninayelibeba."

Watu wakacheka. Na wewe ulicheka. Lakini wiki iliyofuata ulikuja na bakuli la mlenda. Mlenda! Waarabu wanaupika na kuku, wanauita mulukhia, na wewe mtu wa Kisarawe ukauunga kwa karanga kama anavyounga mama yangu, Mungu amrehemu. Harufu ilinipiga kifuani. Nikaona aibu mbele ya wale vijana. Mlenda ndio chakula nilichokimbia. Nilikulia humo, mwaka mzima mlenda, nyama siku ya Idi. Nikaja Dubai nile nyama. Nikalisukuma bakuli mpaka likamwagika kwenye mkeka wako wa kusalia.

Uliufuta mkeka. Halafu ukasema, "Mnyamwezi anakimbia mlenda. Basi na samaki akimbie maji."

Ukawa kila Ijumaa unafanya mchezo ule ule. Tukikaa kwenye sinia unanisogezea majani upande wangu: mchicha, kisamvu, mlenda. Mimi nayarudisha upande wako kwa mgongo wa mkono. Unasogeza, narudisha. Nikikutukana unasema, "Kula, mzee, nisije nikakuongoza kwa fimbo." Siku moja nikakuuliza, bibi wa Al Warqa amepona? Ulinijibu kweli, hukunidanganya. Ulisema, "Hajapona. Hakuna mboga inayorudisha jina lililokwisha potea. Kazi yake ni kumchelewesha mwizi, na umcheleweshe mapema, kabla hajaingia ndani." Nikacheka kwa nguvu. Nilikuwa nacheka kwa sababu mwizi alikuwa ameshaingia.

Hili hukulijua, Kondo, na mtu yeyote hakulijua. Jicho langu la kulia lilikuwa na doa katikati. Lilianza kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikitazama kamba niliyoifunga mwenyewe, imenyooka, naiona imepinda. Fremu ya mlango naiona ina tumbo. Nikimtazama mtu usoni, naona masikio na nywele, pua haipo. Nikanyamaza. Mfunga mizigo asiyeona nani atamtaka? Arbab, tajiri wangu, angenikatia tiketi ya kurudi kesho yake. Nikawa naweka kamba kwa kupapasa, nasoma majina kwa kugeuza kichwa pembeni kama kuku.

Kisha ile Ijumaa. Ulileta samaki mzima, mkubwa, juu ya wali. Kichwa kilikuwa upande wako. Adabu yetu inajulikana, kila mtu anakula kilicho mbele yake. Mimi niliona kitu cheupe nikadhani ni mnofu wa kwangu. Mkono ukaenda. Nikang'oa shavu la samaki mbele yako, nikatia kinywani.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Ukapiga paja. "Mwizi! Tazameni! Wapagazi hawa, mzigo wa mtu ni wao, samaki wa mtu ni wao!"

Sasa nataka kila mtu aone upumbavu wangu hapa. Nilikuwa na haki! Mtani anakula cha mtani. Ningesema, "Ndiyo, nimekula, na mkia nautaka, utanifanya nini, Mzaramo wewe?" Yangekwisha. Utani wenyewe ungenifunika, na siri yangu ingelala salama. Lakini kinywa changu kilikuwa kimejaa shavu la samaki na moyo wangu umejaa hofu, nikakaa kimya. Na wewe uliniona nilivyokaa kimya. Kicheko kikakutoka usoni. Ukainua mkono mbele ya macho yangu, polepole, ukasema kwa sauti ya chini, "Mzee. Hivi ni vidole vingapi?"

Nikasema vitatu.

Wale vijana wakaanguka kwa kucheka. Vilikuwa viwili. Wewe hukucheka. Naapa, wewe peke yako hukucheka. Na kwa sababu hukucheka, nikakupiga.

Damu iliingia kwenye wali. Ulishika uso, ukasema, "Aa, Mnyamwezi," basi, hayo tu, kama mtu aliyekanyagwa mguu. Mimi nilisimama juu yako na ngumi nyingine tayari. Ilibidi wanishike wanne. Wanne, Kondo! Hata leo mdomo wangu unataka kujisifu kwa wale wanne, nami nauachia, uone nilivyo.

Hospitali walikuuliza. Askari alikuja akakuuliza. Ukasema umeteleza bafuni, ukajigonga kwenye bomba. Neno lako moja lingenitia ndani, kisha ndege, kisha nyumbani mikono mitupu. Ulilimeza. Ngozi ya nyuma ya jicho ilikuwa imechanika, wakaibandika, ikakataa. Ukabaki unaona mwanga tu upande ule. Madam akasema mpishi mwenye jicho moja na mafuta ya moto, hapana, akakurudisha nyumbani. Siku ya ndege yako wenzetu wote walikwenda kukuaga. Mimi nilibaki stoo nikalipiga robota la mitumba kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Sikuja. Nilisema moyoni, yeye ndiye aliyevunja utani kwa kunidhalilisha. Miaka mitatu nimesema hivyo.

Na miaka mitatu lile doa likala. Nikanunua dawa. Kuna mtu anapita Naif na begi la chupa, anatangaza: dawa ya macho, ya ubongo na ya nguvu za kiume, zote katika kidonge kimoja. Nikasema, hii ndiyo njia ya mwanamume, si majani. Chupa imeandikwa kimoja kwa siku. Kimoja ni cha watoto. Mimi nilikunywa kiganja. Sigara mkono huu, vidonge mkono huu. Baada ya miezi miwili viganja vyangu na nyayo vikawa rangi ya karoti. Nikatembea nikijivuna kwamba dawa imeingia!

Siku niliyosimama na kamba mkononi nikasahau robota linakwenda bandari gani, na mwenye mzigo yuko mbele yangu ananitajia mara ya tatu, ndiyo siku niliyokwenda hospitali. Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mkali kama pilipili. Akanipa karatasi ya vyumba vidogo vidogo, nizibe jicho moja nitazame. Upande wa kulia mistari yote iliyeyuka katikati. Akavitazama viganja vyangu.

"Hii nini?"

"Dawa ya macho."

"Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Unanuka pakiti nzima. Nani kakwambia mvutaji ale rundo la dawa ya karoti? Hiyo ikizidi kwa mvutaji ni hatari ya mapafu. Unajiua pande mbili, ya haj?"

Nikamwambia mimi sijahiji. Akasema, basi ukiendelea hivi hutaiona Kaaba.

Akanieleza. Jicho la kulia, katikati pamekufa na pana kovu. Lilikuwa linavuja damu kwa ndani, wakanichoma sindano kuizuia isienee. Sindano ndani ya jicho, Kondo! Naiona inakuja, yaani siioni, naona mkono wa pembeni. Sikutikisika. Muuguzi alisema hajaona mzee kama mimi. Jicho la kushoto bado, liko njiani. Akanipa vidonge vingine, kipimo chake, visivyo na ile ya karoti, akasema vinaweza kupunguza mwendo, haviponyi. Sigara ife leo. Pressure itazamwe. Halafu akaanza: majani ya kijani kila siku, samaki, maharage, karanga... Nikaona kama ni wewe umevaa baibui. Nikamuuliza na huku kusahau je? Akasema hapo hakuna kidonge anachoweza kuniapia. Mishipa inayolisha jicho na inayolisha ubongo ni ya mwili mmoja. Kinachoiziba huku kinaiziba huku. Kula vizuri, tembea, lala, ongea na watu. Akaniuliza, "Una rafiki wa kuongea naye?"

Nikavaa kofia yangu nikainuka.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kumtafuta yule muuza chupa. Nilitaka kumvunja. Nilimkuta kwenye kona, nikamtambua kwa sauti. Nikamkunja shati, nikavuta mkono wangu wa kulia, ule ule, nikaupeleka pale panapokaa uso wa mtu. Uso haukuwepo. Mbele yangu palikuwa na shimo la kijivu, na ngumi ikapita ndani ya shimo ikakutana na mlango wa chuma wa duka. Vidole viwili vikavunjika. Nikasikia mlio wake. Yule mtu akasema, tena bila hasira, "Mzee, mimi niko huku."

Akaokota kofia yangu akanivika. Akaenda zake na begi lake.

Nilikaa chini kwenye lami, mchana kweupe, watu wananiruka. Na hapo ndipo nilipoviona vidole vyako, Kondo. Viwili. Uliviinua taratibu ili vijana wasielewe unachokiuliza. Hukuwa unanidhalilisha. Ulikuwa unanipima kama daktari, kwa sababu katika chumba kile wewe ulikuwa mtu pekee uliyenitazama. Nami nikakutoa jicho kwa sababu ulilitumia kunitazama.

Sasa ninakula majani. Kila siku. Nayanunua kwa Mhindi, naupika mlenda mwenyewe, unaungua, naula. Sigara nimeacha, nimepiga ukuta mara mbili kwa hasira yake. Usifikiri nimekuwa mtu mpole, bado natukana. Lakini nikila nakula upande wangu wa sinia, kisha nanyoosha mkono kwenye upande ule uliokuwa unakaa wewe, na hakuna anayenisogezea kitu.

Naomba radhi. Nimeandika. Hilo neno nimelichora siku tatu, kwa vidole viwili visivyokunjika sawasawa. Naomba radhi kwa jicho. Naomba radhi kwa mkeka. Naomba radhi kwa ile siku ya ndege. Ngumi ile ilikupata wewe, lakini mimi nilikuwa nalipiga giza langu, nikakosea shabaha kabla sijajua kwamba nakosea. Usinisamehe kwa sababu mimi ni mzee wala kwa sababu naugua. Ukikataa, kataa. Lakini daktari anasema jicho la kushoto halina ahadi, na mimi sitaki kukuombea radhi gizani.

Arbab amekubali kunipa ruhusa. Nakuja Kisarawe kabla ya Ramadhani, inshallah. Sitaleta zawadi, maana mtani hachukui zawadi, anachukua anachotaka. Utachukua begi langu ulitupe dirishani kama una dirisha. Nitasimama mlangoni kwako, mikono chini. Najua mkono wako, nimeuona na upawa. Ukitaka kupiga, piga, hakuna atakayekushika, nitawaambia wanao wakae mbali. Ila ndugu yangu, usisimame mbele yangu moja kwa moja, hapo sikuoni, hapo pana shimo. Simama pembeni kidogo, upande wa kushoto, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Ngumi yako itakuja yenyewe. Nataka nikuone wewe kwanza.

Mtani wako,
Mnyamwezi wa Naif